Kipande Kimoja kwa Siku

Jumatatu, 2 Machi

Nimedhalilishwa. Naandika haraka kabla hasira haijapoa, maana hasira iliyopoa haiandikiki vizuri.

Leo ilikuwa siku ya kupimwa afya kiwandani. Nesi wa kiwanda alituita mmoja mmoja kwenye chumba chake, kile kilichobanwa kati ya choo na ofisi ya meneja, chenye kitanda, kiti kimoja na picha ya moyo uliopasuliwa katikati kama papai. Alinifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo mpaka vidole vikafa ganzi, akatazama mshale, akakunja uso. Akapima tena. Akakunja uso zaidi. Kisha akachukua utepe anipime kiuno, na utepe huo, ambao kwa hakika ulitengenezewa watoto, ncha zake zikakataa kukutana.

Je, aliitunza siri ya mgonjwa? Thubutu! Alifungua mlango akamwita aliyekuwa mbele kwenye foleni aje amshikie ncha moja. Na nani alikuwa mbele kwenye foleni? Robo Kilo!

Robo Kilo ni karani wa mizani. Hupima malori yanayoingia na kutoka. Jina tulimpa kwa sababu ya umbo lake. Ukimtazama kutoka ubavuni unaweza kudhani ameshaondoka. Huyu ndiye aliyeweka kidole kwenye kitovu changu, akamwambia nesi kwamba kazi hii ameizoea, ila kwa kawaida huanza kulipima gari likiwa tupu.

Nesi akacheka. Mtu aliyekula kiapo!

Anasema presha yangu imepanda mno. Anasema mwenye presha kama hii hapaswi kupanda ngazi ya stoo kufuata maboksi ya juu. Nimepewa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Isiposhuka atamwandikia meneja nikalishwe chini, na funguo za stoo ashike mwingine.

Funguo za stoo! Nimezivaa kiunoni tangu pacha wangu hawajaota meno, na sasa wako chuoni wanapiga simu wakiishiwa. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni. Bila funguo mimi ni mtu mnene tu aliyesimama karibu na maboksi.

Nilipotoka, Robo Kilo alikuwa anazitazama. Siyo mimi. Funguo. Alizitazama kama mtu anayechagua samaki.

Nesi alinisomea makatazo: chumvi, soda, vya kukaanga, sukari kwenye chai. Niliacha kusikiliza mahali fulani kwenye siagi. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kama kuna kitu chochote kitamu ambacho binadamu bado ameruhusiwa. Akafikiri. Akasema basi, nikizidiwa na hamu, kipande kimoja cha chokoleti nyeusi kwa siku, ya kuanzia asilimia sabini. Ina vitu fulani vinavyosaidia mishipa ya damu. Aliendelea kusema mengine baada ya hapo, lakini mimi nilikuwa nimeshapata dawa.

Chokoleti! Kwa amri ya nesi!

Jumanne, 3 Machi

Nimekwenda duka kubwa lililo mkabala na kituo cha mafuta. Chokoleti rafu nzima. Kumbe kila moja imeandikwa alama zake mbele, waziwazi, kwa rangi ya dhahabu. Utaratibu mzuri sana. Nashangaa kwa nini sabuni hatuufuati. Ile ya maziwa ilikuwa na thelathini na mbili. Thelathini na mbili! Shuleni kwetu alama hizo zilikurudisha nyumbani ukamlete mzazi. Na bado imejipanga rafuni imevaa karatasi ya zambarau, haina hata aibu. Sabini nayo ilikuwepo, imefaulu, lakini kwa kubahatisha. Nikachukua themanini na tano. Huyu anakwenda chuo kikuu.

Dada wa kaunta akaniuliza kama nimewahi kuila hiyo. Nikamjibu kwamba mimi sikuwahi kumwogopa mwanafunzi hodari. Bei siiandiki hapa, kwa sababu ya presha.

Sasa, kuhusu kipimo. Nesi alisema kipande kimoja, na hili ni neno ambalo hakuna wa kunifundisha. Kiwandani kwetu mche wa sabuni unatoka kwenye mashine mrefu kama mkono, unakatwa vipande, kila kipande kinapigwa chapa, kinafungwa karatasi, kinauzwa. Nimehesabu vipande maisha yangu yote ya utu uzima. Kipande ni kitu chenye chapa na karatasi yake. Chokoleti nayo ina chapa na karatasi yake. Ndani imechorwa mistari ya viboksi viboksi, lakini hayo ni mapambo tu. Hata sabuni yetu ya kufulia ina mistari.

Nikala kipande kimoja baada ya chakula.

Mungu wangu! Chungu! Chungu kama kwinini iliyokasirishwa! Nimetapeliwa, nikasema. Kisha nikatulia nikafikiri kisomi. Dawa ni chungu. Hiki ni kichungu. Kwa hiyo hiki ni dawa. Nikamaliza chote, machozi yakinitoka.

Mke wangu, Mama Pacha, akauliza ninalia nini. Nikamwambia natibiwa. Mama mkwe wangu, ambaye alikuja kwetu kwa wiki mbili kabla ya Krismasi na bado wiki hizo hazijaisha, akaomba aonje. Nilikuwa nimebakiza vumbi kwenye karatasi. Akalamba kidole, akasema, "Mkwe, mbona kama ukoko wa sufuria?" Lakini nilimwona akikilamba tena.

Alhamisi, 5 Machi

Sijalala. Wala jana sikulala. Nakodoa macho kwenye dari huku moyo unatwanga kama umeajiriwa.

Mwanzoni niliogopa. Baadaye nikaelewa. Presha inashuka! Kitu chochote kikishuka ngazi lazima kipige kelele. Nilimweleza Mama Pacha jambo hili alfajiri. Akasema nimuulize nesi. Nikamwambia mtu hamsumbui fundi kabla nyumba haijaisha. Akageukia ukutani.

Ijumaa, 6 Machi

Robo Kilo amekula matango mbele yangu. Mchana mzima, kwenye meza yangu, ya kwangu, matango yaliyokatwa duara, moja moja, kama mtu anayesoma barua ya mapenzi. Akaniuliza hali ya presha. Nikamwambia inashuka. Akasema anafurahi. Kisha akauliza, hivihivi, kama kufuli ya mlango wa nyuma bado ni ngumu au nimeshaitia mafuta.

Fisi haombi kuonyeshwa mfupa!

Kwa hasira nilikwenda kantini nikala viazi vya kukaanga. Siyo kwa ulafi. Nilifanya hesabu kwanza. Kama chokoleti nyeusi inasafisha mishipa, basi kula viazi kisha chokoleti ni sawa na kuandika kwa penseli kisha kufuta. Nikala viazi. Nikafuta. Nikala vingine, maana kifutio kilikuwa kimebaki.

Jitu alinishangaa. Jitu ni mpakizi wetu, kijana mkimya mwenye viganja kama masinia, anabeba maboksi mawili pale wengine wanapobeba moja kwa malalamiko. Aliuliza kama mzee nimepona. Nikamjibu kwamba niko njiani. Akasema basi hiyo njia ina viazi vingi.

Hata yeye!

Jumapili, 8 Machi

Kuna mwizi nyumbani kwangu.

Nilinunua vipande vitatu nikaviweka kabatini nyuma ya majani ya chai. Leo nimekuta kimoja kimefunguliwa na kiboksi kimoja hakipo. Nikavizia. Baada ya chakula cha mchana kimetoweka kiboksi cha pili. Panya? Hapana. Panya gani anayekata kwenye mstari, kisha anarudisha karatasi na kuikunja pembe?

Nilimkuta mama mkwe kwenye kiti cha dirishani, amefumba macho, shavu moja limevimba kidogo. Nikakohoa. Akafumbua jicho. Akasema, bila kuharakisha, kwamba kila siku baada ya kula anachukua kidogo, anakiacha kiyeyuke chenyewe, na tangu aanze hana tena hamu ya biskuti. Ati anajisikia vizuri. Ati asante, mkwe.

Ningemjibu nini? Mama mkwe hajibiwi. Nilisema karibu, mama, huku nikisaga meno. Kiboksi kimoja kimoja! Anaichezea dawa! Mwanamke mzima anakula mapambo na kuacha kipande!

Lazima niihamishe.

Jumatatu, 9 Machi

Akili ikifanya kazi, inafanya kazi.

Asubuhi meneja alikuja stoo na habari. Sabuni mpya imetoka: sabuni ya mkaa, ya uso, nyeusi tititi, vipande vidogo vya kupendeza. Kabla ya kuiuza anataka boksi moja la sampuli liwekwe kando, kila kipande kifungwe karatasi nyeupe isiyo na maandishi, wageni wapewe. Nikamwagiza Jitu azifunge na kuziandika kwa penseli herufi ya kwanza ya kile kilichomo, ili kusitokee mkanganyiko. Nilimweleza mara mbili. Bila utaratibu stoo ni jalala.

Ndipo nikapata wazo. Chokoleti yangu nayo ni nyeusi. Nayo ni kipande. Nikavua vipande vyangu ile karatasi yao ya kung'aa, ambayo hupiga kelele hata ukiifikiria, na Robo Kilo ana masikio ya popo. Nikavikata viingie saizi, nikavifunga karatasi nyeupe, nikavificha mahali ambapo hakuna atakayevitafuta: ndani ya boksi la sampuli. Vyangu nimeviandika herufi S. Ya Siri.

Mama mkwe atafute sasa!

Jumatano, 11 Machi

Kichwa kinauma. Mikono inatetemeka kidogo. Dalili nzuri, mwili unapokea.

Keshokutwa ndiyo siku, kwa hiyo nimeongeza dozi. Viwili, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na viazi katikati kwa ajili ya usawa. Mama Pacha amekasirika. Amepika mboga za majani bila chumvi, ameweka mezani, amekaa mkabala nami. Nikamwambia nimeshiba dawa. Akasema, "Baba Pacha, uso wako umekuwa mwekundu kama tofali." Nikamwambia ni damu, inazunguka, ndiyo kazi yake.

Amesema twende kutembea jioni mpaka kanisani na kurudi. Kutembea! Wakati nina funguo za kulinda!

Robo Kilo leo ameniuliza funguo ipi ni ya mlango upi. Ameuliza kwa heshima zote, "shikamoo mzee" mbele na "samahani mzee" nyuma. Nikamwonyesha funguo ya choo.

Ijumaa, 13 Machi

Nitaandika yote yalivyokuwa, kwa mpangilio, ili siku moja haki ijulikane.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya nesi, nimenyoa, shati safi, funguo zimeng'arishwa. Nyuma yangu Robo Kilo, ingawa hakuitwa. Alisema amekuja kunitia moyo. Nilikuwa nimepitia stoo nikachukua kipande chenye S kwenye boksi, niweke mfukoni kwa dozi ya mwisho. Mlango ulipofunguliwa nikageukia ukuta, nikafungua karatasi, nikatia mdomoni nusu nzima na kutafuna.

Ilikuwa ngumu kuliko kawaida. Chungu kupita zote. Nikajiambia, lo, hii lazima ni asilimia mia.

Nikakaa kwenye kiti. Nesi akanifunga kitambaa. Akaniuliza ninajisikiaje. Nikafungua mdomo nijibu, na badala ya jibu likatoka povu.

Povu jeusi! Povu jingi! Nikijaribu kulimeza linaongezeka, nikijaribu kueleza linapiga mapovu ya duara yanayopaa! Nesi akapiga kelele kwamba ni kifafa. Akanilaza chini. Robo Kilo akanishika miguu. Jitu, aliyekuwa anapita na boksi, akaingia akanishika kilichobaki. Mkanda wangu ukafunguka, funguo zikaanguka sakafuni, na nikaona kwa macho yangu, nikiwa chini na povu puani, mkono wa Robo Kilo ukiziokota.

Huyo ndiye aliyekuja kunitia moyo!

Hapo mlango ukafunguliwa tena akaingia meneja. Mikono ya kahawia. Uso wa kahawia, michirizi mpaka kwenye kola. Anatetemeka kuliko mimi. Anamwambia nesi amsaidie haraka, ngozi yake inayeyuka. Amejaribu sabuni mpya mwenyewe, sampuli aliyopewa na Jitu asubuhi, akanawa uso kwa maji ya moto kama inavyoelekezwa. Kila akisugua haitoi povu, inatoa rangi, na kila akisuuza inazidi kunata. Na sasa, akasema kwa sauti ndogo, nzi wanamfuata.

Nesi akamtazama meneja. Akanitazama mimi. Akapitisha kidole kwenye shavu la meneja, akanusa. Mama mkwe angelamba, lakini nesi alinusa tu. Kisha akanusa povu langu.

Akauliza boksi la sampuli liko chini ya nani.

Ikabidi nisukutue kwanza. Jitu, aliyeziandika sampuli jana tu, akaulizwa aliandika nini. Akasema S. Akaulizwa kwa nini S. Akasema mzee aliagiza herufi ya kwanza ya kilichomo, na kilichomo ni sabuni. Alfabeti ina herufi tele, na kati ya zote huyu mtoto wa watu akachagua hiyohiyo! Nilisema hivyo kwa sauti. Jitu akajibu kwa upole kwamba angependa kujua angeandika nini kwenye sabuni. Robo Kilo akasema labda P, ya Povu.

Nesi akanipima presha. Imepanda kuliko mara ya kwanza. Akaniuliza chokoleti nimekula kiasi gani. Nikamwambia ukweli wangu wote, kichwa juu: kipande kimoja kwa siku kama alivyoagiza, viwili mwishoni kwa bidii yangu mwenyewe. Akaonekana kutoelewa. Akaniomba nimwonyeshe kipande. Jitu akatumwa, akaleta karatasi tupu ya chokoleti kutoka mezani kwangu.

Yule mwanamke alishika kichwa! Akafungua droo yake, akatoa chokoleti, nyeusi, ya sabini, anayo droo nzima ya kwake, akavunja kiboksi kimoja kama ukucha wa kidole gumba, akakiinua mbele ya uso wangu. Akasema, "Mzee wangu, kipande ni hiki."

Hapo ndipo niliposimama, na nasema hata sasa, nilisimama kwa ajili ya lugha. Nikawauliza wote mle ndani: mtu akienda dukani akaomba kipande cha sabuni, anapewa ukucha? Jitu akakiri kwamba hapewi ukucha, anapewa kipande. Hata meneja, katikati ya michirizi yake, akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimeshinda! Nesi akasema lakini mtu akiomba kipande cha mkate hapewi mkate mzima. Nikamwambia hiki si kiwanda cha mikate.

Ndipo Robo Kilo, funguo zangu zikilia mkononi mwake, akasema tatizo ni dogo. Nesi alisema kipande, mzee akala pande, ndiyo maana tuna pande la mtu.

Walicheka wote. Meneja naye alicheka, mpaka chokoleti ikapasuka shavuni.

Halafu nesi akanieleza polepole, kama anaongea na mtu wa mbali. Asilimia si alama za mtihani; ni kiasi cha kakao. Ikiwa nyingi, sukari ina nafasi ndogo. Lakini mafuta bado yamo, sukari bado imo, na mna kitu cha kufukuza usingizi kama kilichomo kwenye kahawa, ndiyo maana nimekodoa macho wiki nzima. Kidogo, baada ya chakula, badala ya biskuti na soda, ni sawa. Haifuti viazi. Wala si dawa. Ni kitamu chenye makosa machache kuliko wenzake, basi. Dawa ni yale aliyoyasema baada ya chokoleti: mboga, kupunguza chumvi, kutembea, kulala. Akauliza kama nakumbuka aliyasema.

Nilikuwa na ladha ya mkaa mdomoni.

Meneja amenihamisha mwezi mmoja. Funguo anashika Robo Kilo. Mimi nimepelekwa kwenye mizani, nikae kwenye kiti, nipime malori. Nimeonewa na herufi moja na neno moja.

Jumamosi, 14 Machi

Nyumbani habari ilifika kabla yangu. Mama mkwe alinipokea mlangoni, akanipa pole, kisha akauliza kwa dhati kabisa, "Mkwe, kwani wewe ulidhani kipande ni kipi?"

Mama mkwe hajibiwi.

Mama Pacha hakucheka. Alinikalisha, akanipikia mboga zake zisizo na chumvi, akatazama mpaka nikamaliza. Akasema funguo hazimhusu. Akasema hajaolewa na stoo. Tangu nianze kutolala, amekuwa akilala sikio lake likiwa mgongoni kwangu asikie kama bado natwanga, na amechoka kusikiliza. Anataka mume wa kuzeeka naye, awe na funguo au asiwe nazo.

Jioni nilikwenda naye mpaka kanisani na kurudi. Miguu inauma. Siyo mbaya.

Alhamisi, 19 Machi

Kiti cha mizani kina mguu mmoja mfupi. Robo Kilo amefanya kazi humu miaka yote hiyo akiwa mwepesi mno kuugundua. Mimi niliugundua nilipokaa.

Amepita leo mara tatu, funguo kiunoni. Suruali inamvuka kwa uzito huo, anazishika kwa mkono. Hakika inauma kuona. Akaniambia kufuli ya mlango wa nyuma imemshinda, mzee naomba unisaidie. Nikamwambia jaribu funguo ya choo.

Ijumaa, 20 Machi

Habari njema! Nimepimwa. Presha imeshuka kidogo. Nesi anasema ni mboga na kutembea na usingizi. Yeye aseme apendavyo. Nikiendelea hivi mpaka mwezi huo wa mizani uishe, funguo zitarudi.

Nilimuuliza kama kuna kitu cha kutafuna badala ya viazi, maana kukaa kwenye mizani kunatia njaa. Akasema karanga zinafaa, zisizo na chumvi wala mafuta, kiganja kimoja kwa siku.

Sasa mimi si mjinga. Mara ya kwanza kosa, mara ya pili ni mtindo. Sikuondoka mbio. Nilikaa, nikamtaka aeleze neno kwa neno. Nikamuuliza kiganja ni nini. Akafungua mkono wake akanionyesha hapa katikati. Nikauliza kiganja kizima au robo yake. Akasema kizima. Nikauliza kizima sawasawa au cha kurundika. Akasema kilichojaa vizuri tu, mzee wangu, sasa nenda. Nikamwita Robo Kilo aliyekuwa mlangoni, nikamwomba nesi arudie mbele ya shahidi. Akarudia. Kiganja kimoja, kizima, kilichojaa. Hakuna herufi ya kunichanganya hapo, wala kiboksi, wala mapambo.

Nimetafakari jambo hili njia nzima ya kurudi nyumbani, na nimeridhika. Kila neno alilieleza, isipokuwa moja. Hakusema kiganja cha nani.

Kesho Jitu anakuja kunipimia.